MAANDALIZI YA KUWAZURU WATU WA JANGWANI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia baadhi ya waja wake makazi penye maji tele, na wengine akawajaalia makazi ambako maji hufuatwa kwa mwendo wa siku nzima, na kila mmoja akampa riziki yake mahali pake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye utotoni mwake alilelewa na watu wa jangwani, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake na wote waliofuata mwendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu mliohudhuria, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani na mabwenini, twajiusia nafsi zetu na twawausia nyinyi kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Kwa muda sasa limekuwa likizungumzwa hapa Kamanga, barazani baada ya sala ya alasiri na hata kwenye foleni ya kivuko, jambo ambalo kwa asili yake ni la kheri. Baadhi ya jamaa zetu, pamoja na wanafunzi wanaongojea likizo, wanataka kufunga safari kwenda kuwazuru watu wa jangwa la Chalbi, katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Walizisikia habari za ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika Kenya pekee. Nyoyo zao zimelainika, na michango imeanza kuhesabiwa. Hatukusudii kuuzima moto huo. Twakusudia kuuliza swali moja ambalo hatujalisikia katika mazungumzo yote hayo: je, watu wa Chalbi wenyewe wameulizwa?

Mwenyezi Mungu ametufundisha katika Sura ya Nuru kwamba tusiingie nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe, na kwamba tukiambiwa turudi basi turudi, wala tusione haya wala ghadhabu. Wengi wetu huifahamu amri hii kuwa ni ya mlangoni kwa jirani, kugonga na kupiga hodi. Lakini nyumba ya Mgabra, ambaye ndiye mwenyeji wa sehemu kubwa ya jangwa lile, haina mlango wa mbao wala kitasa. Ni hema la mviringo lililoundwa kwa fito, mikeka na ngozi, ambalo mwanamke hulijenga kwa mikono yake, na watu wanapohama hulivunja na kulipakia juu ya ngamia. Je, kwa kuwa nyumba haina mlango, ndiyo haina idhini? Hasha. Mlango wake u mbali kidogo tu: uko Maikona, uko Kalacha, uko North Horr, kwa wazee wa koo, kwa mashekhe na kwa viongozi wa serikali wa mahali pale. Hapo ndipo yatupasa kupiga hodi, na kungojea jibu, kabla hatujapakia gari.

Sisi wa kandokando ya Ziwa tuna udhaifu mmoja katika mambo haya, nao unatokana na neema. Mtoto wa Kamanga akiona kiu huchukua ndoo. Maji tumeyazoea hata hatuyaoni. Ziwa Viktoria ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sisi tumekaa ukingoni mwake tukidhani kwamba lilikuwako hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Haikuwa hivyo. Wataalamu waliochimba matope ya chini ya Ziwa wamethibitisha kwamba zaidi ya miaka 15,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa tena. Na Chalbi nayo, ambayo leo ni bapa la chumvi linalong'aa juani, zamani ilikuwa ziwa. Basi hatusafiri kutoka kwa watu wa maji kwenda kwa watu wa ukame kama kwamba hizo ni kabila mbili za wanadamu. Mola wetu amewauliza watu, mwishoni mwa Sura ya Mulk, ni nani atakayewaletea maji yanayobubujika lau maji yao yangedidimia ardhini. Watu wa Chalbi hulijibu swali hilo kila asubuhi.

Sasa tutazame namna safari ya jangwani inavyopangwa, na kiigizo chetu ni Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika safari yake ya mwaka 622 kutoka Makka kwenda Madina. Twapenda mno kuisimulia miujiza ya safari ile, na huwa tunapita haraka juu ya matayarisho yake. Abu Bakr alikuwa amekwisha kuwalisha ngamia wawili majani kwa muda wa miezi minne kabla ya safari. Mtume alipopewa mmoja wao alikataa kumchukua ila kwa kumlipia thamani yake. Aliajiriwa mtu ajuaye njia, Abdallah bin Urayqit, naye wakati huo hakuwa Mwislamu. Alikuwa katika dini ya Makureshi. Akakabidhiwa ngamia, akaagizwa akutane nao pangoni baada ya siku tatu. Abdallah mwana wa Abu Bakr alileta habari za mjini usiku na kuondoka kabla ya alfajiri. Amir bin Fuhayra alileta mbuzi jioni ili wapate maziwa. Asmaa binti Abu Bakr aliupasua mshipi wake akafungia chakula cha njiani. Na njia iliyofuatwa ilikuwa ile ya pwani, ambayo haikuwa njia ya kila siku. Huyu ni Mtume anayeteremshiwa wahyi, na juu ya hayo aliweka miadi, akalipa ujira, akamtegemea kiongozi wa njia asiyekuwa wa dini yake kwa sababu aliijua njia.

Tuyapime haya kwa safari yetu. Kutoka Mwanza kwenda Marsabit, kwa kupitia Sirari, kisha Nairobi na Isiolo, ni zaidi ya kilomita 1,000. Ndugu zetu wa upande wa Sengerema wanaweza kuungana nasi kwa kivuko, au kwa daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa mwezi Juni 2025. Mpaka Marsabit barabara ni ya lami, na hapo wengi hudhani wamefika. Hawajafika. Baada ya Marsabit msafiri huiacha lami akateremka kwenye mawe meusi, kisha mchanga, kisha chumvi, na mvua ikinyesha lile bapa la chumvi hugeuka tope ambalo gari hukwama humo. Hapo dereva hodari wa Mwanza, ajuaye kila kona ya mji, ni sawa na kipofu. Aajiriwe mtu wa kule, alipwe ujira wa haki tena kwa mapatano ya mwanzo, na asemapo kwamba leo hapapitiki, kusiwe na kijana wa kumwambia kwamba ramani ya simu inaonyesha njia.

Katika hadithi tumeamrishwa kwamba watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao kuwa kiongozi. Kiongozi huyo ndiye mwenye kuhesabu, na hesabu ya kwanza ni ya maji. Tuchukue kwamba kila mtu atahitaji kwa uchache lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia. Watu 12 kwa siku 6 ni lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20. Uzito wake ni kilo 360. Uzito wa watu 12 wenyewe haupungui sana kilo 800. Tumekwisha kuipita tani moja, na bado hatujapakia gunia moja la unga, wala mafuta ya gari, wala tairi za akiba.

Hapa hatuhitaji kuwaeleza watu wa Ziwa maana ya kuzidisha uzito. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora kilipinduka kikiwa karibu na kufika Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Wamo katika msikiti huu waliozika siku zile. Basi asisimame mtu akasema kwamba safari ni ya kheri na kwa hiyo gari litabeba. Rai yetu ni kwamba waende watu 6 badala ya 12, wanaume na wanawake kwa utaratibu wa sheria, na wanaobaki wapate thawabu ya kuwapakilia wenzao. Tunajua kwamba wako watakaochukia kukatwa majina.

Yako pia maji ya ibada, na katika hili wanafunzi wetu wasikilize vizuri. Msafiri wa mwendo wa marhala mbili, zinazokadiriwa kilomita 80 na ushei, anaruhusiwa kupunguza adhuhuri, alasiri na isha zikawa rakaa mbili mbili, na katika madhehebu ya Imamu Shafi ruhusa hiyo humwondokea akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka. Hayo mengi wetu twayajua. Tusiloliwaza sana ni tayamamu. Mafakihi wetu hawakusema kwamba tayamamu ni ya mtu asiye na tone la maji tu. Wamesema kwamba mwenye maji anayoyahitaji kwa kiu, iwe ni kiu yake, au ya mwenziwe, au hata ya mnyama mwenye kuheshimiwa kisheria, basi huyaacha maji hayo kwa ajili ya kiu na akatayamamu. Fikirini uzito wa maneno haya. Mbuzi wa Mgabra ana haki katika dumu lako iliyotangulia udhu wako. Sasa fikirini msafara wa watu wazima wamefika Kalacha wamechoka, wanaelekea kwenye chemchemi na birika mikononi, kila mmoja akosha miguu mara tatu kwa ukarimu ule ule wa Kamanga, na nyuma yao ngamia wamepanga foleni. Ngamia aliyekaa siku nyingi bila ya kunywa huweza kunywa lita 100 kwa mara moja, na zamu yake imewekwa na wazee. Kwa Waborana, jirani zao na ndugu zao wa lugha, yuko mzee wa kisima ambaye kazi yake ni kupanga zamu hizo siku baada ya siku. Mtume amekataza israfu ya maji hata kwa anayetawadha kwenye mto uendao. Basi ni vipi kwa anayetawadha katika zamu ya mwingine?

Natuje kwenye zawadi, maana hapa ndipo penye hatari kubwa ya kukosea kwa nia njema. Tumesikia kwamba magunia ya dagaa yamekwisha kuahidiwa, na sangara waliokaushwa. Ni ukarimu wa watu wa Ziwa, nao hutoa kilicho bora kwao. Lakini wafugaji wa Kikushi wa kaskazini, Wagabra na Warendile na Waborana, wengi wao tangu zamani hawali samaki. Samaki kwao ni chakula cha Waelmolo, jamaa wachache waishio ufukweni mwa Ziwa Turkana upande wa Loiyangalani. Hebu mtazameni mzee wa Maikona, ameletewa gunia la dagaa kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000. Afanye nini? Akilikataa, amemvunjia mgeni heshima. Akilipokea, amebeba mzigo usio na faida. Tumemtia katika dhiki naye ndiye tuliyekwenda kumwondolea dhiki.

Na iko zawadi ambayo pengine hatukuiwaza kabisa. Wagabra na Waborana hukaanga buni nzima katika samli na kuwapa wageni na wazee katika shughuli zao za heshima. Ng'ambo ya Ziwa letu, Bukoba, Wahaya nao wana desturi yao ya kumkaribisha mgeni kwa buni za kutafuna. Watu wawili walio mbali namna hii, mmoja wa migomba na mmoja wa ngamia, wamekutana katika buni! Huenda gunia moja la buni, pamoja na sukari na majani ya chai, likapokewa kwa furaha kuliko tani ya samaki. Twasema huenda, kwa sababu wao ndio wa kutuambia.

Wako waliopendekeza kununua mbuzi ili kuwarudishia waliofiwa na mifugo. Wazo hili si baya, ila mnyama asisafirishwe kutoka huku. Atafika amechoka, mgeni wa malisho yale, na pengine na maradhi. Afadhali fedha zipelekwe na mbuzi anunuliwe kule kule, tena baada ya kuuliza kama malisho yapo, kwani kumpa mtu mnyama wakati hakuna nyasi ni kumpa msiba wa pili. Watu hawa wana njia zao za kusaidiana zilizotutangulia sote. Mwenye ngamia wengi humwazima asiye naye ngamia wa maziwa, akaishi nao yeye na watoto wake, wala haambiwi arudishe kesho. Kwa Waborana ukoo hukutana ukamchangia mifugo mtu wake aliyefilisika, na jambo hilo wanaliita busa gonofa. Mchango wetu ukipitia katika mikono hiyo utafika kwa mhitaji kwa staha, kwa sababu wenye mikono hiyo wanamjua nani ni nani. Ukigawiwa na kijana wa Mwanza juu ya gari, atapata mwenye nguvu za kusukumana.

Jambo hili la ugawaji lina uzito mwingine. Nchi ile imeona umwagaji wa damu ambao ugomvi wa malisho na maji haukosi katika chanzo chake. Mwezi Julai 2005, katika kijiji cha Turbi, waliuawa watu zaidi ya 50 kwa asubuhi moja, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa shule. Mgeni anayeshukia kwa jamaa mmoja akawajaza, akawapita jirani zao bila ya salamu, anaweza kuacha nyuma yake kinyongo asichokijua. Kwa hiyo wenye mamlaka ya mahali na wazee wa pande zote wajulishwe. Wala tusiulize kwanza nani ni Mwislamu. Katika Wagabra wamo Waislamu, wamo Wakristo, na wamo wanaoshika mila za wazee wao, na kiu haiwabagui.

Upo mtihani wa msimu pia. Kiangazi njia hupitika, lakini maziwa ni haba, na vijana wako mbali na ngamia katika kambi za malisho. Kijijini hubaki wazee, kina mama na watoto. Masika maziwa hupatikana na wenyeji hufurahi kumkaribisha mtu, lakini gari huzama. Likizo ya shule zetu haijui lolote katika hayo. Ikiwa wenyeji watachagua mwezi ambao wanafunzi wako darasani, basi wanafunzi wabaki darasani, na safari iende bila yao.

Tena kukaa kwetu kuwe na mpaka. Ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na Mtume amekataza mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake katika dhambi kwa kukosa cha kumpa. Jangwani mwenyeji hatasema kwamba hana. Atamkamua ngamia ambaye maziwa yake yalikuwa ya mtoto, nawe utakunywa usijue. Kwa sababu hiyo chakula chetu tujipikie, na watoto wa pale wale kabla yetu; katika mafundisho ya Mtume, mwenye kuwanywesha watu huwa wa mwisho kunywa. Na picha? Tunajua kwamba kila mkono una simu. Mwenyezi Mungu ametuonya kuwa sadaka hubatilika kwa masimbulizi na maudhi, na yapo masimbulizi yasiyotamkwa kwa ulimi, nayo ni sura ya mama wa watu akipokea kibaba cha unga, inayosambazwa Mwanza nzima naye hana habari. Isipigwe picha ya mtu anayepokea. Akitaka mwenyewe kupigwa picha na ngamia wake, hilo ni lingine.

Kwa hiyo, ndugu Waislamu, kabla ya kununuliwa chochote iandikwe barua. Ipelekwe kwa mashekhe wa Marsabit, nao waifikishe kwa wazee, na tusiogope kuomba kwamba kina mama pia waulizwe, kwani wao ndio wajengao nyumba na wateka maji. Barua iwe fupi. Iseme sisi ni nani na tunatoka wapi. Iulize kama ziara yetu inatakiwa, na ikiwa inatakiwa, ni mwezi gani, watu wangapi, tufikie wapi, tuje na maji kiasi gani, nini kinahitajiwa na nini kisiletwe. Iulize vilevile kama ingekuwa bora fedha za nauli na mafuta zipelekwe kule na sisi tubaki. Swali hili la mwisho baadhi ya jamaa wameomba lisitiwe, kwa kuhofia jibu lake. Sisi twaona litiwe.

Majina ya watakaoiandika yatachukuliwa leo baada ya sala, na michango iliyokwisha kutolewa itabaki kwa mtunza fedha, imeandikwa jina kwa jina, mpaka jibu litakapokuja. Likija la kutukaribisha, siku ya kuondoka itakuwa Alhamisi, kama Mtume alivyopenda. Likija la kutuambia tungoje, tutalisoma hapa hapa mimbarini kama lilivyo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.